Kisasi cha Ugiriki ya kale chaimbwa kwa magitaa

Kundi la Virgin Steele, kutoka New York nchini Marekani, liligeuza tamthilia ya Ugiriki ya kale kuwa muziki wa hevi metali. Sehemu ya kwanza ya albamu yao, The House of Atreus, ilitoka mwaka wa 1999, na ya pili mwaka wa 2000.

Hadithi inatoka kwa Aeschylus, ambaye michezo yake mitatu, Oresteia, iliigizwa Athens mwaka wa 458 kabla ya Kristo. Mfalme Agamemnon anamtoa binti yake sadaka ili apate upepo wa kupeleka merikebu vitani Troya. Anaporudi mshindi, mke wake Klytaimnestra anamuua. Kisha mwana wao Orestes anamuua mama yake. Damu inaita damu.

David DeFeis, mwimbaji na mpiga kinanda wa kundi hilo, ndiye aliyeisuka hadithi hiyo kwa sauti. Kazi hiyo ilipandishwa pia jukwaani mjini Memmingen, Ujerumani.

Kwa Aeschylus, kisasi hakimalizwi kwa kisu. Mungu mke Athena anaunda korti. Kura zinalingana, na Orestes anaachiliwa. Wanaomtafuta wanatulizwa, wanapewa heshima mjini.