Pampu ya Boila Ikifa Mara Tatu, Kagua Maji Kwanza

Katika nchi za baridi kama Uingereza na Ujerumani, nyumba nyingi hupashwa joto kwa maji. Boila huyapasha moto, na pampu ndogo huyazungusha hadi kwenye rejeta za vyumbani na kuyarudisha. Pampu ikisimama msimu wa baridi, mwenye nyumba ya kupangisha hupata hasara mara mbili: kwa fundi, na kwa mpangaji anayedai kupunguziwa kodi.

Pampu ya namna hii huweza kudumu miaka 10 na zaidi. Kwa hiyo zikifa tatu katika miaka mitatu, si haki kukimbilia kulaumu kiwanda. Mara nyingi pampu nzima imefungwa kwenye mtambo mgonjwa.

Sababu ya kwanza ni uchafu. Pampu hizi hazitiwi grisi wala oili. Beringi zake hulainishwa na maji yale yale zinayoyasukuma. Chuma cha rejeta kikiliwa na kutu hutoa tope jeusi la magnetaiti, linalonaswa na sumaku. Tope hilo husaga beringi. Tangu Umoja wa Ulaya ulipokaza masharti ya matumizi ya umeme mwaka 2013, pampu mpya nyingi zina rota ya sumaku. Bili ya umeme imepungua, lakini rota hiyo huvuta tope.

Sababu ya pili ni hewa. Mwenye nyumba anayeongeza maji kila wiki huongeza pia oksijeni, chanzo cha kutu. Katika nyumba ya ghorofa moja, presha ya maji baridi huwa bar 1 hadi 1.5. Ikikaribia bar 3 maji yanapopata moto, valvu ya usalama ikamwaga, kisha presha ikaanguka maji yanapopoa, hiyo ni dalili kwamba tangi la upanuzi limepoteza hewa yake. Dawa ni kulitengeneza tangi, si kununua pampu.

Sababu ya tatu ni ufungaji. Mhimili wa pampu sharti ulale sawa. Ukisimama wima, hewa hukusanyika juu na beringi hukauka.

Kabla ya kutoa fedha, pampu iliyokufa ifunguliwe. Tope jeusi ni kutu. Ukoko mweupe ni chokaa, yaani maji mapya yanaingia mno. Ikiwa ndani ni safi lakini nyaya zimeungua, fundi atazame umeme, na kama maji yanavuja kwenye kisanduku cha nyaya. Kusafisha mtambo, kutia dawa ya kuzuia kutu na kufunga chujio la sumaku kunaweza kuzidi bei ya pampu moja, lakini hukata mlolongo wa kununua kila mwaka.

Wauzaji wa vifaa Afrika Mashariki nao wana la kujifunza. Hoteli zinazozungusha maji ya moto hadi kwenye mabomba ya wageni hutumia pampu za jamii hiyo, ila humo maji mapya huingia kila siku. Pampu yenye gamba la chuma cha kawaida itashika kutu; inayofaa ni ya shaba nyeusi au chuma kisichoshika kutu. Muuzaji amwulize mteja kwanza: ni ya rejeta au ya bomba? Asipouliza, faida ya leo itarudi dukani ikiwa madai ya kesho.