Gari Likikohoa Baada ya Kutiwa Petroli

Wakulima wengi wapelekao mboga Soko la Toi, karibu na Woodley, hujaza petroli kabla ya kurudi shambani. Ikiwa gari lilikwenda vizuri, kisha mara baada ya kujazwa likaanza kutetemeka na kukohoa, usikimbilie kununua plagi. Tazama mafuta kwanza.

Zima injini. Fundi atoe petroli kidogo chini ya tangi, aitie katika chupa safi ya kioo, itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, basi yatakaa chini. Kisha tia tone juu ya karatasi nyeupe, mbali na moto. Petroli safi hukauka upesi. Likibaki doa la mafuta, huenda imechanganywa na mafuta ya taa au dizeli. Mwaka 2018 Serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuzuia udanganyifu huo.

Yakiwa mabaya, usiendeshe: tangi lisafishwe, chujio libadilishwe. Injini ikifa, fedha za mavuno huishia gereji. Chukua risiti kila ujazapo, upate ushahidi wa kupeleka EPRA, mamlaka isimamiayo petroli. Mafuta yakiwa safi, ndipo fundi atazame plagi.