Jicho la Kuku Likigeuka Kijivu

Msomaji, tuseme umetoka Nairobi na kuteremka matatu pale Mosocho, katika barabara ya Kisii kwenda Kisumu. Kabla hujakaa, nyanya anakuletea tembe wake. "Mjukuu wangu, wewe umesoma. Hebu mtazame jicho." Kuku hao ndio karo ya mdogo wako. Utamjibu nini?

Usikimbilie duka la dawa. Mtazame kuku kwanza, kwani maradhi ya macho ni mengi.

Ukiona vipele vyenye magamba kwenye kope na kishungi, hiyo ni ndui ya kuku, ambayo huenezwa na mbu. Uso ukifura na pua ikatoa kamasi yenye uvundo, shuku mafua. Daktari wa mifugo atakupa dawa. Ukikuta uchafu mweupe mgumu chini ya kope, huenda kuku amekosa vitamini A kwa kulishwa mahindi meupe matupu. Mpe sukuma wiki.

Lakini kama jicho halina usaha, ila duara linalozunguka mboni limegeuka kijivu, na mboni yenyewe imepindapinda wala haisinyai mwangani, shuku ugonjwa wa Marek, ambao wafugaji wa Tanzania huuita mahepe. Pengine kuku pia atalala mguu mmoja mbele, mwingine nyuma.

Hii ni saratani hasa, na huletwa na virusi. József Marek, daktari wa mifugo wa Hungary, aliueleza ugonjwa huu mwaka wa 1907. Uvimbe huota jichoni, kwenye neva na hata kwenye ini. Ili kuhakikisha, daktari humpasua kuku aliyekufa.

Tiba haipo. Binadamu haambukizwi, lakini virusi hukaa kwa miezi mingi katika vumbi la manyoya bandani.

Kinga ni chanjo, ambayo kifaranga hudungwa shingoni siku ya kwanza tu baada ya kuanguliwa. Kwa hivyo unaponunua vifaranga, muulize muuzaji kama wamechanjwa. Kisha wafugie mbali na kuku wakubwa, katika banda lililosafishwa.

Basi mwambie nyanya ukweli, hata kama utamuuma: tembe huyu hatapona, atengwe. Pesa ya dawa aiweke, inunue vifaranga waliochanjwa. Karo ya muhula ujao itatoka kwao.