Kuegesha, Kukomea na Kukabidhi: Istilahi za Ulinzi wa Gari Lililoachwa Pwani

Ofisa wa serikali, mwalimu au mfanyabiashara aendaye katika vijiji vya delta ya Rufiji, au avukaye kwenda Mafia, aghalabu huagana na gari lake. Barabara iachayo njia kuu ya Kusini pale Bungu, wilayani Kibiti, huishia Nyamisati. Mbele yake ni maji, tope na mikoko. Safari za mashua hufuata kujaa na kupwa kwa maji, kwa hiyo mwenye gari huweza kukaa ng'ambo siku mbili, tatu, hata juma zima, nalo gari hubaki pwani. Je, limebaki katika hali gani? Limeegeshwa, limeachwa, au limekabidhiwa? Swali hili ni la lugha, lakini jibu lake huweza kumgharimu mtu betri, tairi la akiba, na pengine gari zima.

Sisi wenyewe tulijifunza jambo hili kwa hasara. Tulikuwa tumekwenda katika delta kukusanya majina ya sehemu za vyombo na aina za mikoko, tukaacha gari la ofisi katika uwanja mmoja ambao hatutautaja. Tulilipa, tukapewa karatasi yenye neno moja tu: "Maegesho". Tuliporudi siku ya nne, tulikuta mlango mmoja u wazi, na redio, betri na tairi la akiba havipo. Mlinzi alitujibu kwa adabu, "Wakubwa zangu, mimi nimewekwa kulinda geti. Magari hayanihusu." Kituoni tukaandika kwamba gari "lilikuwa limefungwa" na "likavunjwa". Askari akasoma, kisha akauliza maswali mawili: limefungwa vipi, na kimevunjwa nini? Hakuna kioo kilichokuwa kimevunjika. Sisi, watu wa istilahi, tukanyamaza.

Tuanze na kuegesha. Kitenzi hiki ni cha majini, sawa na usukani, ambao ulishikwa na nahodha kabla haujashikwa na dereva. Chombo huegeshwa kwa kuletwa ubavuni mwa gati au ukingoni mwa mto. Lakini baharia ajuaye kazi hadhani kwamba akishaegesha amemaliza. Hufunga kamba, hutia nanga, na aghalabu huacha mtu chomboni, kwa kuwa maji ya bamvua yakijaa huweza kukichukua chombo, na yakipwa huweza kukilaza ubavu matopeni. Kuegesha, basi, ni kuweka mahali tu. Ulinzi ni jambo la pili, na lina vitenzi vyake. Neno kuegesha lilipopanda nchi kavu, vitenzi vile vya pili vilibaki majini. Pengine havikuhitajiwa sana zamani. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, madereva waendao Kusini waliongoja zamu ya kivuko cha Ndundu wakiwa garini mwao, na gari lenye mtu ndani halina haja ya istilahi. Hatugombani na fundi asemaye kupaki. Tunagombana na ofisi idhaniayo kwamba ndani ya neno maegesho mna ulinzi.

Kitenzi kufunga nacho kina mitego. Mlango uliosukumwa tu ukagota "umefungwa", na uliotiwa ufunguo nao "umefungwa". Kiswahili cha nyumbani hakina utata huu: mlango uliosukumwa bila kutiwa komeo umeshindikwa, uliotiwa komeo umekomewa. Twapendekeza maneno haya yatumike kwa magari pia, hasa katika taarifa rasmi. Tofauti yake imekuwa kubwa zaidi tangu ufunguo wa rimoti uenee. Wapo wezi watumiao kifaa cha kuzuia mawimbi ya rimoti. Mwenye gari hubonyeza akienda zake, akiamini amekomea, kumbe ameshindika. Dawa yake haina gharama: baada ya kubonyeza, vuta kitasa kwa mkono. Taarifa nayo iseme hivyo, kwamba milango ilikomewa na vitasa vikajaribiwa. Kwa gari letu, hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kuapa kwamba alifanya hivyo.

Neno kuvunja lahitaji hadhari zaidi. Katika Kanuni ya Adhabu (Sura ya 16), kosa la kuvunja na kuingia kwa nia ya kutenda kosa linahusu jengo, hema, au chombo cha majini kinachotumiwa na watu kama makazi. Humo mtu huhesabiwa kuwa amevunja hata kama amesukuma au amefungua kwa ufunguo tu, pasipo kuharibu kitu. Kwa hiyo jahazi ambalo watu wamelifanya makazi yao laweza "kuvunjwa" kwa maana ya sheria, ilhali gari lililo tupu hapo ufukweni haliingii katika kifungu hicho. Lililotendeka humo ni wizi. Afadhali mwandishi wa taarifa aeleze tendo lenyewe: kioo kilipasuliwa, kitasa kilikorogwa, boneti ilifunguliwa kwa nguvu. Tena atenge mambo matatu ambayo watu huyachanganya: wizi wa gari, wizi wa vipuri vya gari, na wizi wa mali iliyokuwa garini. Kila wizi una kinga yake. Kufuli la usukani, na ile swichi ya siri ikatayo umeme wa pampu ya mafuta, huzuia gari lisiendeshwe. Hayazuii betri isichukuliwe. Namba ya gari ikichorwa kwenye taa na vioo vya pembeni haiuzuii mkono wa mwizi, bali humharibia soko. Na mkoba ulioachwa kitini hauna kinga yoyote ila kuondolewa.

Kuhusu kifaa kipigacho kelele gari liguswapo, baadhi ya wafasiri wamekiita kamsa. Hatukubaliani nao. Kamsa ni mlio wa mtu, nao huitikiwa. Apigiwaye kamsa asipotoka huulizwa kesho yake. Kelele ya gari haimwiti mtu kwa jina, na huweza kulia hata kwa upepo, hivyo majirani huizoea wakalala. King'ora chatosha.

Tumeacha kukabidhi mwisho kwa kuwa ndiko palipo uzito. Sheria ya Mikataba (Sura ya 345) ina sehemu inayomhusu mtu aliyepokea mali ya mwenziwe ili airudishe, nayo yamtaka aitunze kwa uangalifu ambao mtu wa busara ya kawaida angeutumia kwa mali yake mwenyewe. Kiswahili kina jina la kale la mali ya namna hiyo, nalo ni amana. Anayelipa ushuru wa maegesho amekodi mahali. Anayekabidhi ufunguo na kupewa stakabadhi yenye sahihi ameweka amana. Tangazo "unaegesha kwa hatari yako mwenyewe", ambalo ni tafsiri ya neno kwa neno, lingesomeka vema zaidi likisema: "Hapa hatupokei amana. Mwenye gari alilinde mwenyewe." Ni kali, lakini halimdanganyi mtu. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama nchini, karatasi kama hizi huweza kusomwa mbele ya hakimu kwa maneno yale yale yaliyoandikwa.

Kwa safari yetu ya pili tuliandaa stakabadhi yetu wenyewe: "Nimepokea gari hili kuwa amana, likiwa limekomewa, pamoja na betri moja, tairi moja la akiba na redio moja." Mlinzi wa safari hii aliisoma mara mbili, akakataa kutia sahihi mpaka boneti ifunguliwe aione betri kwa macho yake, na tairi lishushwe alibonyeze. Mashua ya asubuhi ilituacha. Tukangoja maji yajae tena jioni.