Mla wadudu wa Sudd kwenye beseni la Juba

Wavuvi wanaoshusha samaki ukingoni mwa mto hapa Juba hawamalizi kazi samaki wakishauzwa. Nyavu lazima zichambuliwe. Humo hutolewa mizizi ya magugu maji, mabua ya mafunjo, na mara nyingine nyuzi laini za kijani zisizo na mzizi hata mmoja, zilizosheheni vifuko vidogo kama punje za ulezi. Hutupwa pamoja na takataka nyingine. Ni utrikularia, mmea ulao wadudu, mwenyeji halisi wa Sudd, kinamasi kikubwa cha Naili Nyeupe kilichoingizwa kwenye orodha ya Ramsar mwaka 2006 kikiwa na hekta milioni 5.7.

Ukiokota uzi mmoja na kuuweka kwenye glasi, kisha ukamulika kwa tochi ya simu, utaona vifuko vilivyo tupu vikipenya mwanga na vilivyokula vikiwa vyeusi. Kila kifuko husukuma maji nje hadi kuta zake zibonyee kwa ndani. Mlangoni pana vinyweleo. Kijidudu cha majini kikivigusa, mlango hufunguka, maji huvutwa ndani pamoja na kijidudu chenyewe, na yote hayo huisha kabla ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Sijui mnyama wa mbugani anayenishangaza kuliko huyu wa kwenye glasi.

Taabu huanza mtu anapotaka kuukuza nyumbani. Wiki chache tu, ncha inapauka, vifuko vipya vinakuwa vichache, na mwani umezonga kila tawi. Mwenye mmea hudhani una njaa, akatia mbolea kidogo au kipande cha nyama. Hapo ndipo anapoumaliza. Mmea huu umeanza kula wadudu kwa sababu umezoea maji maskini, yenye naitrojeni na fosforasi kidogo. Maji hayo yakirutubishwa, anayenufaika ni mwani, ambao hukua upesi na kuuzibia mwanga. Utrikularia haifi kwa njaa yake. Inakufa kwa shibe ya jirani.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii: hewa ya ukaa. Mimea mingine ya majini huweza kutumia kaboni iliyofungwa kwenye chumvichumvi za maji magumu. Utrikularia, kwa kawaida, huhitaji hewa ya ukaa iliyoyeyuka yenyewe, na kwa wingi. Lubomír Adamec, mtafiti wa Třeboň katika Jamhuri ya Cheki, ameifanyia kazi mimea ya jamii hii kwa miaka mingi, na njia yake ni kuweka majani makavu ya nyasi za kinamasi chini ya chombo. Yanapooza polepole hutoa hewa hiyo, huyatia maji uchachu kidogo na kuyapa rangi ya hudhurungi, rangi ambayo mwani hauipendi.

Sisi hatuna haja ya kuagiza nyasi za Ulaya. Mafunjo yapo. Chukua majani yaliyokwisha kukauka, yaloweke siku chache, mwaga maji ya kwanza, kisha yatandaze chini ya beseni. Maji yawe ya mvua. Ya kisima kirefu mara nyingi yana madini mengi, ya malori ya maji huwa yametiwa dawa, na ya mto mvua zikinyesha huja na tope. Chakula nacho kipo: vijidudu vinavyorukaruka kwenye madimbwi ya zamani, vikichujwa kwa kitambaa. Utrikularia hula pia viluwiluwi vichanga vya mbu, ila katika mji wenye malaria kama huu nisingemwachia mmea kazi hiyo. Beseni lifunikwe kwa kipande cha chandarua.

Joto ndilo adui mgumu zaidi. Machi 2024 serikali ilifunga shule nchi nzima kwa hofu ya joto la nyuzi 45. Beseni la plastiki kwenye baraza la mabati hupata moto upesi, na maji ya moto hayashiki hewa nyingi. Chombo kiwe kikubwa, kifukiwe ardhini hadi karibu na mdomo, kipate jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Mwani ukianza, uondolewe kwa vidole kila siku, bila huruma.

Masharti yote haya Sudd huyatimiza yenyewe, kwenye vidimbwi vilivyotulia kati ya mafunjo, maadamu mto unaruhusiwa kutapakaa. Mfereji wa Jonglei, ulioanza kuchimbwa 1978 na kusimamishwa na vita, ulikusudiwa kupitisha kando sehemu ya maji ya mto huo, na mpango wake bado una watetezi. Mimi si mmoja wao.

Kwa anayetaka kujaribu, asianze wakati wa kiangazi. Asubiri Aprili, mvua mbili tatu zioshe vumbi la paa, ndipo akinge maji na kwenda kuwaomba wavuvi wasitupe zile nyuzi.