Maji ya Uti wa Mgongo: Vipimo vya Haraka Hutuambia Nini?

Mtoto akiwa na homa kali, akitapika, shingo ikikakamaa, au akipatwa na degedege, sisi wauguzi huwaza homa ya uti wa mgongo. Hata akikutwa na malaria, ugonjwa huu bado waweza kuwapo. Yote mawili huweza kuja pamoja.

Ndipo daktari huomba kutoa maji ya uti wa mgongo. Wazazi wengi hukataa wakidhani sindano hupoozesha. Lakini sindano huingizwa kiunoni, chini ya mahali uti wenyewe unapoishia, na daktari humchunguza mgonjwa kwanza.

Maji hayo hupimwa kwa njia hizi:

1. Darubini. Chembe nyeupe za damu huhesabiwa, kisha maji hupakwa rangi kwa njia ya Gram, iliyotangazwa mwaka 1884. Ni rahisi kwa bei, na majibu huweza kupatikana ndani ya saa moja. Lakini bakteria wakiwa wachache, au mgonjwa akiwa amekwisha kunywa dawa, huenda wasionekane.

2. Lateksi. Punje ndogo sana hugandana zikikutana na mabaki ya bakteria fulani. Huchukua dakika chache, na huweza kusaidia hata kama dawa zimekwisha kuanza. Lakini hutambua aina chache tu. Isipoonyesha kitu, ugonjwa haujakanushwa.

3. Kipimo cha vinasaba. Hutambua hata bakteria waliokufa, kwa muda wa saa chache. Ni bora kuliko lateksi, lakini mashine yake ni ghali.

Kuotesha bakteria huchukua siku moja hadi tatu. Si kwa haraka, lakini ndiko kunakoonyesha dawa ipi inawaua.

Basi hakuna kipimo kimoja kinachotosha. Kwa sababu hiyo mgonjwa mahututi huanzishiwa dawa mara moja, bila kusubiri majibu.

Wazazi wa Hasamba na kwingineko, tunawaomba mambo matatu. Msimpe mtoto vidonge vya dukani mkingoja kesho. Kama mmekwisha kumpa, njooni na karatasi ya dawa hiyo bila kuona haya. Yatusaidia kuyaelewa majibu. Tena kamilisheni chanjo za watoto: ile ya Hib hutolewa nchini tangu 2009, na ya nyumokoko tangu 2013. Zote hukinga aina kubwa za ugonjwa huu.