Breki na gia kwenye kishikio kimoja: Je, mikono yako itamudu?

MWALIMU mmoja wa shule ya msingi alinijia akilalamika kwamba vidole viwili vya mkono wake wa kulia, cha mwisho na cha pete, vilikuwa vikifa ganzi kila jioni. Alikuwa amepimwa sukari akaambiwa hana. Alikuwa pia amemeza vidonge vya vitamini kwa wiki sita bila kupata nafuu. Nilipomuuliza husafiri vipi kwenda kazini, alinyoosha kidole dirishani. Chini ya mti ilikuwa imeegeshwa baiskeli ya gia, ya mtumba, yenye magurudumu manene.

"Daktari, hayo ndiyo mazoezi uliyotuambia tufanye," akasema.

Nilitoka nje nikaitazama. Kishikio cha breki na kile cha gia vilikuwa kitu kimoja, kimefungwa kwenye usukani kwa skrubu moja tu. Mwalimu ana viganja vidogo. Ili kidole gumba kiifikie gia, alikuwa amekizungusha kifaa chote kikaelekea juu. Matokeo yake, kila aliposhika breki kifundo cha mkono kilikunjika kwa nyuma, na uzito wa mwili ukaegemea ule upande wa kiganja ulio chini ya kidole cha mwisho. Hapo ndipo unapopita mshipa wa fahamu unaohudumia vidole hivyo viwili. Ukibanwa kila siku kwenye barabara ya mawe, ganzi haikosi kufuata.

Wakazi wa Homa Bay wanaijua baiskeli tangu zamani. Ile nyeusi tuliyoiita Black Mamba haikuwa na gia hata moja, na breki zake zilivutwa kwa vyuma badala ya waya. Ilibeba abiria, magunia ya mahindi na samaki wa kutoka ufuoni hadi pikipiki zilipoanza kuchukua kazi hiyo katika miaka ya 2000. Ilikuwa nzito kama ng'ombe, lakini mkono haukuwa na kazi nyingi. Ulishika usukani na kuvuta breki, basi.

Baiskeli za gia, ambazo vijana wengi huzipenda kwa sababu ya milima yetu, zimeuongezea mkono kazi. Anayetoka mjini karibu na ziwa, lililo mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, akaelekea Rodi Kopany, hupanda. Anaporudi huteremka, na katika kuteremka huko hubadilisha gia na kushika breki mara nyingi, pengine kwa wakati mmoja.

Vifaa vilivyounganishwa ni vya aina mbili, na watu huvichanganya. Ya kwanza ni ile ya mwalimu: vishikio viwili tofauti, ila vimejengwa ndani ya gamba moja. Huonekana sana kwenye baiskeli za bei nafuu kwa kuwa hupunguza gharama ya kiwanda. Ya pili ni ile ambayo kishikio cha breki chenyewe ndicho kinachobadilisha gia. Kampuni ya Shimano ya Japani ilileta mtindo wa namna hiyo kwenye baiskeli za mbio za barabarani mwaka 1990, na waendeshaji wa lami wakaupokea kwa furaha. Mwaka 2003 ikajaribu wazo hilo kwenye baiskeli za milimani. Mwendeshaji alivuta kishikio ili kufunga breki, na akakisukuma juu au chini kwa vidole ili kubadilisha gia. Wapanda milima wengi walinung'unika, na katika miaka iliyofuata mtindo huo ukatoweka kwenye baiskeli mpya za aina hiyo.

Manung'uniko yao yana maana kwa daktari. Kwenye lami mkono hutulia. Kwenye mawe hurukaruka, na vidole vilivyo juu ya breki hurukaruka navyo. Ukitaka gia unaweza kuvuta breki bila kukusudia, na ukitaka breki gia ikahama wakati miguu haiko tayari.

Hapa kwetu kuna jambo linalozidisha hatari. Nchini Kenya, kama Uingereza, kwa desturi breki ya mbele huwa mkono wa kulia. Baiskeli nyingi zilizouzwa kwanza Marekani au bara Ulaya zina breki ya mbele kushoto. Gia za nyuma, zinazotumika zaidi, huwa kulia karibu kila mahali. Kwa hivyo kwa desturi yetu mkono wa kulia ndio unaobeba breki yenye nguvu zaidi pamoja na gia zinazohitajiwa zaidi. Na anayenunua mtumba bila kuuliza anaweza kuvuta breki ya kushoto kwenye mteremko, akidhani ni ya nyuma, akajikuta amerushwa juu ya usukani.

Kuanguka huko kunanitia hofu kuliko ganzi ya vidole. Ncha ya usukani, hasa iliyopoteza kifuniko chake cha mpira, huingia tumboni kama ngumi ya chuma. Ngozi huweza kuonyesha alama ndogo tu, lakini ini, kongosho au wengu likawa limeumia ndani. Nalo eneo letu la ziwa lina malaria mwaka mzima. Malaria ya mara kwa mara huvimbisha wengu, ambalo wengine huliita bandama, na wengu lililovimba hupasuka kwa pigo dogo kuliko lile lenye afya. Mtoto aliyeangukia usukani kisha akawa na maumivu ya tumbo au ya bega la kushoto, akatapika, akawa mweupe viganjani au akazimia, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Asikandwe tumbo wala kupewa dawa ya maumivu akalale.

Je, basi vifaa hivi havifai? Kwa anayekwenda sokoni na kurudi kwa lami, na mwenye mikono ya wastani, sioni ubaya. Hata ule mtindo wa 2003 ulikuwa na sifa moja ambayo haikusemwa vya kutosha: haukukitumia kidole gumba. Mtu mwenye baridi yabisi katika shina la kidole hicho, au ambaye kano zake za upande huo zimevimba kwa kusukuma gia, angeuona kuwa nafuu. Lakini kwa barabara za mawe, kwa watoto na kwa akina mama wenye viganja vidogo, mimi napendelea vishikio vilivyotengana. Kila kimoja hukaa pake. Tena kimoja kikivunjika, hununui vyote viwili.

Aliye na vilivyounganishwa asikimbilie kuvitupa. Kaa juu ya baiskeli, nyoosha vidole juu ya breki na utazame kifundo cha mkono: kinapaswa kuwa mstari mmoja na mkono wa mbele, kisikunjike juu wala chini. Weka breki sawa kwanza, na gia ijitafutie mahali, kwa maana ukikosa gia utachoka, lakini ukikosa breki utaumia. Vifaa vingi vina skrubu ndogo ya kusogeza breki karibu na mpini, ambayo mafundi wengi hawaigusi hadi waombwe. Mwambie fundi akuonyeshe pia breki ya mbele iko mkono gani, na azibe ncha za usukani.

Ganzi inayoisha ndani ya saa chache hutulia kwa mabadiliko kama hayo na kwa kubadilisha mshiko njiani. Ikidumu hadi asubuhi, au vidole vikianza kukosa nguvu ya kufunga kifungo cha shati, usingoje.

Mwalimu alirudi kwangu baada ya wiki nne. Fundi alikuwa ameteremsha kifaa na kusogeza breki, na kidole gumba sasa kinaifikia gia kwa taabu. Ganzi imebaki kwenye ncha ya kidole cha mwisho. Anaona imepungua, ila kile kilima kirefu sasa hukipanda akisukuma baiskeli kwa miguu.